Wahitimu wapya wa Nyanda za Juu Kusini, msikubali kubebeshwa lumbesa ya mafanikio ya watu wengine

Wakuu, kamwene.

Uzi huu nawaandikia wahitimu wa mwaka huu, hasa waliovaa joho Iringa na Mbeya wiki hizi ambazo mvua za kwanza zimeanza, na wazazi wengi wameacha jembe siku mbili tatu, katikati ya msimu wa kupanda mahindi, ili waje kupiga picha na watoto wao. Nimewaona stendi mkiwa bado na mataji ya maua shingoni, na nimefurahi pamoja nanyi kwa moyo wote. Naandika kwa sababu najua kinachoanza Januari, pale kila atakayekutana nanyi atakapouliza, "Sasa siku hizi uko wapi?" Anayeuliza hivyo hataki kujua mtaa unaoishi. Anataka kukupima, na kipimo amekuja nacho mwenyewe.

Mimi nilihitimu mwaka 2015, shahada ya uhasibu, katika chuo kimoja cha Iringa. Nyumbani ni Rungwe, jirani na Kiwira, na mama yangu ni mfanyabiashara wa ndizi. Ada yangu ilitoka kwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo, kwenye mikungu ya ndizi, na kwenye mchango wa baba zangu wadogo wawili ambao mwaka wangu wa kwanza waliuza ng'ombe. Miezi mitano baada ya mahafali nilikuwa nimeshaomba kazi nyingi kiasi cha kuacha kuzihesabu, nimeitwa kwenye usaili mara mbili, na mara zote mbili nimeishia mchujo wa kwanza. Nilikuwa nimepanga chumba Uyole, na mchana nilikuwa namsaidia dalali mmoja wa viazi kuhesabu na kuandika magunia yanayopakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam. Alinilipa shilingi 8,000 kwa kila siku yenye mzigo. Mama nilikuwa nimemwambia kwamba nafanya kazi katika ofisi moja mjini Mbeya.

Wasioijua Uyole niwaeleze kidogo, maana jambo zima liko hapo. Uyole ndipo barabara ya kutoka Kyela na Tukuyu inapokutana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam upande mmoja na Tunduma upande wa pili. Kila kosta inayotoka kwetu kuja mjini hupita pale, na kila Jumanne mama yangu alikuwa ndani ya mojawapo akipeleka ndizi mjini. Kwa hiyo kila Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi, nilikuwa nafunika kichwa kwa kitenge na kusimama upande wa pili wa lori, daftari mkononi, hadi nihakikishe kwamba kosta za asubuhi zimekwisha kupita. Nilifanya hivyo kwa miezi minne. Msomi mwenye shahada, mtoto aliyesomeshwa kwa ndizi, alikuwa anamkimbia mwenye ndizi.

Sasa nieleze habari ya lumbesa, kwa sababu katika miezi ile ndiyo niliyoifahamu vizuri kuliko kitu chochote nilichofundishwa darasani. Mkulima anapoleta viazi, gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha mnunuzi huagiza liongezwe, viazi vipangwe juu ya mdomo kama anayejenga kichuguu, halafu kamba ishonwe kuzunguka ile nundu ili isimwagike. Hiyo ndiyo lumbesa. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Nimeshuhudia magunia ambayo yalipopandishwa kwenye mizani yalivuka kilo 130, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba baadhi ya wakulima walikuwa wanaongeza nundu wenyewe kabla hawajaambiwa, wakiogopa kwamba wakileta gunia la kawaida wataonekana wameleta pungufu. Kipimo cha mtu mwingine walikuwa wameshakifanya chao.

Siku moja, nikiwa naandika, nilijiona mimi mwenyewe katika gunia lile. Shahada niliyoipata ilikuwa ni kilo zangu 100 halali. Juu yake ulikuwa umeshonwa mzigo ambao sikumbuki ni lini niliukubali: niwe nimeajiriwa ndani ya mwaka mmoja, tena ofisini, tena mjini, niwe na gari kabla ya miaka thelathini, niwe nimeolewa na mtu mwenye kazi kama yangu, nijenge nyumbani, na paa lionekane kutoka barabarani. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo baya. Ubaya ni kwamba nilikuwa nayabeba yote bila kujiuliza ni lipi ninalolitaka, na kwa kuwa sikuwa nalo hata moja, nilijihesabu kuwa sifuri.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, katika baridi ile ya Uyole inayokata vidole, kosta ilisimama mbele ya lori letu kushusha abiria, na mama akashuka kununua viazi. Sikupata nafasi ya kujificha. Alinitazama, akalitazama daftari, akayatazama magunia. Nilitegemea alie au anigombeze. Aliniuliza, "Mwanangu, hapa wanakulipa kwa siku au kwa wiki?" Nikamjibu. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka koo hunibana: "Kila Jumanne napita hapa na ndizi. Mbona hukuniambia? Ningekuwa nakuachia mkungu." Akamwita utingo, akashusha mkungu mmoja, akauegemeza kwenye tairi la lori, akapanda akaenda zake.

Ndugu zangu, kipimo nilichokuwa nakiogopa kwa miezi minne mama yangu hakuwa nacho kabisa. Nilikuwa nimemvika mimi. Yeye alitaka kujua kama nakula na kama kazi inalipa.

Ninapowaambia mjipangie wenyewe maana ya mafanikio, siwaambii muwasahau waliowasomesha, na nasisitiza hili kwa sababu wako wanaohubiri siku hizi kwamba maisha ni yako peke yako na hudaiwi na mtu. Huku kwetu hilo si kweli. Mtu aliyeuza ng'ombe kwa ajili yako ana haki ya kujua ng'ombe wake alikwenda wapi. Lakini kumpa taarifa ni jambo moja, na kumkabidhi mizani ya maisha yako yote ni jambo lingine. Wengi wetu tunafanya kinyume: mizani tunaikabidhi kwa kila mtu, na taarifa hatumpi yeyote.

Inafaa pia kujua kipimo hiki cha "umesoma, uko ofisi gani" kilitoka wapi, kwa sababu ukijua asili yake hutamchukia mjomba wako anapokitumia. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Nchi iliyokuwa inapata uhuru ilihitaji watu wa kujaza ofisi walizokuwa wanaziacha wakoloni, na kwa miaka mingi aliyemaliza chuo alipangiwa kazi na Serikali, mara nyingi pamoja na nyumba ya kuishi. Mjomba wako aliona kwa macho yake mtu akisoma na kupata, hivyo anachokuambia ni ushahidi, ila ni ushahidi wa zama zile. Hata wakati huo jambo hili halikuwa shwari. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo sharti la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao mamia ya wanafunzi, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, ikatoka sera ya Elimu ya Kujitegemea, ambayo moyo wake ulikuwa ni malalamiko kwamba shule zinamtenga kijana na jamii yake na kumfanya ajione amesomea kuikimbia. Mjadala huu, kwa hiyo, tumeurithi.

Kilichobadilika ni hesabu. Leo katika mikoa yetu peke yake tuna Mkwawa iliyoanza mwaka 2005 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilichopanda hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2012, tuna Chuo Kikuu cha Iringa, tuna vyuo vya makanisa, na kampasi ya Mzumbe iko Mbeya. Kila Novemba na Desemba vyote hivi vinatoa watu, na viti vya ofisini havikuongezeka kwa kasi hiyo. Anayekaa mwaka mmoja bila ajira rasmi hajalaaniwa wala si mvivu. Amekuta foleni ndefu.

Jioni ile baada ya mama kuondoka, niligeuza daftari la magunia na kuandika nyuma sentensi tatu. Ya kwanza, nimlipe mama mwenye nyumba kila mwezi bila kukopa. Ya pili, hesabu ninayoiandika iwe sawa na mzigo uliopo, hata dalali akikasirika. Ya tatu, nisimdanganye tena mama. Mtu mwingine angezisoma angesema ni mambo madogo kwa mwenye shahada, lakini yalikuwa yangu, na yalikuwa na sifa moja ambayo ile lumbesa haikuwa nayo: kila mwisho wa mwezi niliweza kujua kama nimeyatimiza au sikuyatimiza. "Nifanikiwe maishani" huwezi kuipima. "Nilipe kodi bila kukopa" unaipima tarehe 30.

Sentensi ya pili ndiyo iliyobadili njia yangu, kwa namna ambayo sikuipanga. Dalali alinifukuza. Aliniambia kwamba mkono wangu mzito kwenye daftari unamharibia biashara. Lakini mkulima mmoja aliyekuwa ameshuhudia ugomvi ule alikuwa na shemeji yake Mbozi, katika chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kahawa ambacho kilikuwa kinatafuta karani wa kuandika mizani. Nilikwenda kwa msimu mmoja. Sasa ni mtunza hesabu wa chama hicho na sijaondoka. Mshahara ni mdogo kuliko wa wenzangu wengi tuliosoma nao, ofisi yetu ina chumba kimoja na ghala, na kuanzia mwezi wa sita kahawa inapoiva natoka na vumbi la maganda mpaka kwenye kope. Siandiki haya ili mniige. Yuko rafiki yangu aliyeajiriwa benki Dar es Salaam, kazi ile aliitamani tangu tukiwa kidato cha tano, na nikimsikia anavyoizungumzia najua kwamba amefika alipotaka. Yuko mwingine Tunduma anayeshughulikia mizigo ya forodha, ana fedha kutuzidi sote, na kila tukionana ananiambia kwamba alitaka kufundisha hisabati, kwamba hata sasa bado anataka, ila nyumbani watamwelewaje. Nikiwatazama hao wawili, tofauti ninayoiona si ya kipato. Mmoja alichagua, mwingine alibebeshwa.

Muda nao ni sehemu ya kipimo, na wakulima wa kwetu wanalijua hili kuliko wasomi. Mahindi ya nyanda za juu unaweza kuyasubiri hadi miezi sita. Parachichi la kubebesha, yaani la mche uliounganishwa, ukilipanda leo utaanza kuchuma baada ya miaka mitatu hivi, na mavuno ya maana yanakuja baadaye zaidi. Jirani yetu mmoja Rungwe, mhitimu wa ualimu, alipanda parachichi nusu ekari mwaka wa kwanza baada ya chuo huku akifundisha kwa kujitolea, na mwaka mzima alichekwa kwamba amesoma ili aje apalilie miche. Hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kwenye shamba la parachichi mwaka wa kwanza na kikapu. Lakini kwa binadamu tunafanya hivyo kila Krismasi, familia inapokutana.

Kuna hatari moja ambayo lazima niiseme waziwazi, maana nimeona watu wakiangamia nayo. Mtu akiambiwa ajipime mwenyewe, ni rahisi akajitengenezea mizani inayompendelea. Analala mpaka saa tano, anasema mafanikio yangu ni amani ya moyo. Pale chamani mizani yetu haiwezi kutumika kwa sababu tu sisi wenyewe tunaiamini. Watu wa Wakala wa Vipimo huja kila mwaka, huihakiki kwa mawe yao, huiwekea alama, na bila alama hiyo mkulima ana haki ya kukataa kupimiwa. Na wewe tafuta mtu wa kuhakiki mizani yako, awe mtu anayekupenda lakini asiyekuogopa. Wangu ni baba yangu mdogo, mmoja wa wale waliouza ng'ombe. Kila mwaka nikienda nyumbani namweleza nilichopanga na nilichofanya, na mwaka mmoja aliniambia, bila kupaza sauti, kwamba najificha nyuma ya kazi ya chama ili nisijaribu mtihani wa bodi ya wahasibu. Alikuwa sahihi. Nimeshaanza kuufanya.

NYONGEZA: nimesoma maoni yenu tangu jana, na nitajibu matatu yaliyonigusa.

Mdau mmoja ameuliza juu ya deni la Bodi ya Mikopo, kwamba utajipangiaje maisha wakati unadaiwa. Swali ni la haki. Deni ni halisi na liingizwe kwenye sentensi zako, wala lisikimbiwe kama nilivyomkimbia mama. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mnufaika aliyejiajiri naye anawajibika kurejesha, kwa hiyo nenda mwenyewe ukajue unadaiwa kiasi gani na mpange utaratibu. Nafuu moja ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi tena kila mwaka kama lilivyokuwa linatuvimbia sisi. Mimi bado nalipa, na kuna furaha fulani katika kuona salio linashuka ambayo sikuitarajia.

Dada mmoja wa Njombe ameandika kwamba kwa mwanamke mhitimu hata akipata kazi swali linageuka tu kuwa "utaolewa lini." Dada yangu, nakuelewa kabisa. Mimi niliulizwa na shangazi zangu hadharani, msibani, nikiwa nimebeba sinia la chakula. Nilichojifunza ni kutojibu mbele ya watu. Nilimfuata shangazi mkubwa jikoni baada ya siku tatu, nikakaa naye tukimenya ndizi, nikamweleza kwamba natamani ndoa, ila kuwa mke wa mtu kwa sababu ya kuchoka maswali sitaki. Hakukubaliana nami. Lakini tangu siku hiyo wengine wakiniuliza, yeye ndiye anayewakatisha. Wakubwa wetu wengi wakielezwa kwa heshima, faraghani, hubeba zaidi ya tunavyodhani.

Na kijana wa mwisho, aliyehitimu Mbeya mwezi huu, ameuliza afanye nini kesho asubuhi, kwani mzazi wake aliuza shamba na yeye hana cha kumwonyesha zaidi ya cheti. Mdogo wangu, nenda nyumbani wiki hii, mvua ikiwa bado inanyesha na watu wako shambani. Shika jembe, panda nao. Mkikaa kupumzika, mwambie mzazi wako kwa kinywa chako kwamba ajira inaweza kuchukua muda, umeomba wapi na wapi, unapanga kufanya nini wakati unasubiri, na kwamba kila baada ya miezi mitatu utamweleza ulipofikia. Usimwahidi gari. Mwambie jambo moja dogo utakalolifanya kabla ya Pasaka, kisha ulifanye.

Kuna aliyeuliza pia kama mama yangu alipata aibu. Sikumbuki hata siku moja kumwona nayo. Ndizi bado anauza, ingawa kosta sasa anapanda mara moja kwa wiki mbili kwa sababu ya magoti. Majirani wakimuuliza yule binti aliyesoma Iringa yuko ofisi gani, huwajibu, "Yuko Mbozi, anapima kahawa," kisha anaendelea kupanga mikungu yake.